Ukumbi mzima ulisimama. Je, mchezo umefaulu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita mimi na mdogo wangu tulikwenda kutazama mchezo mpya wa muziki. Lilikuwa onyesho la awali la nne, bado haujazinduliwa rasmi. Sehemu ya kwanza watu walicheka mpaka machozi. Baada ya mapumziko ukumbi ukapoa, hasa pale mama anapoimba peke yake kumuaga mwanawe: watu wakawa wanakohoa na kujigeuzageuza vitini. Lakini mwisho tulisimama wote kupiga makofi. Tangu siku hiyo kila ninayemsoma ana lake. Huyu anasema ni kazi ya karne, yule anasema utafungwa kabla ya mwezi kwisha. Mdogo wangu anashikilia kwamba ukumbi ukisimama basi mchezo umepita. Nimwamini nani? Wenye mchezo huwa wanayaona haya, au wanatazama mauzo ya tiketi tu? Na je, ni haki niwaambie wengine kwamba wimbo ule ni mbovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mdogo wako, kwa upole, kwamba katika yote aliyoyaona usiku ule, kusimama kwa watu ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Siku hizi Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, ukumbi husimama karibu kila usiku, mchezo uwe mzuri uwe wa kawaida, na London nako mtindo huo umeshazoeleka. Wanasimama wa safu za mbele, wa nyuma yao wanakosa kuona, nao wanasimama ili wamwone mwigizaji mkuu akiinama, na hivyo hivyo mpaka roshani. Sikiliza pia muziki unaopigwa wakati huo: ni ule wimbo mtamu kuliko yote, wa kasi, wenye ngoma. Mtunzi hakuuweka pale kwa bahati. Hata wale wanaotoka nje wakiuimba, tukasema nyimbo zimewaingia, mara nyingi wameudaka dakika mbili tu zilizopita, kutoka kwa okestra iliyokuwa ikiwasindikiza mlangoni.

Kikohozi je? Kikohozi ningekilipia pesa. Mtu anaweza kupiga makofi kwa adabu, akacheka kwa sababu jirani kacheka, akamwambia mwigizaji "umeua" huku moyoni alikuwa anawaza usafiri wa kurudi nyumbani. Lakini hakuna watu 800 wanaopatana kwamba ikifika dakika fulani tukohoe. Aliyeshikwa na hadithi husahau kama ana koo. Hadithi ikimwachia, koo linaanza kuwasha, kiti kinakuwa kigumu, na mkono wenye saa unainuka wenyewe. Kwa hiyo ulichokiona wewe baada ya mapumziko ni habari ya kweli, na nakupongeza kwa kuiona, maana wengi hutazama jukwaa tu.

Ila usiharakishe kuitafsiri. Kosa la wengi, na wazoefu wamo, ni kudhani kwamba pale watu walipokohoa ndipo penye ubovu. Hadhira ni kama mgonjwa. Akisema hapa panauma, panauma, usimbishie. Akianza kukueleza sababu ya maumivu, msikilize kwa heshima kisha ukatafute mwenyewe. Bega linaweza kuuma na ugonjwa uko kwenye nyongo.

Miaka niliyokuwa msaidizi wa mwongozaji, kazi yangu wakati wa maonyesho ya awali ilikuwa kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikitazama visogo vya watu. Kulikuwa na mchezo mmoja ambao kila usiku, dakika chache baada ya mapumziko, vijitabu vya programu vilianza kufunguliwa. Ukumbi ukiwa gizani karatasi zile huonekana nyeupe: moja huku, mbili kule, kisha safu nzima, kama yangeyange wanavyotua shambani. Mwongozaji akakasirika, akasema wimbo unawachosha, ukatwe. Tukaukata. Usiku uliofuata yangeyange wakatua palepale, kwenye mazungumzo tuliyoyaweka badala yake. Mwishowe aliyetuokoa ni mpiga piano, wala hakuwa ameulizwa. Akasema, "Hawa hawajachoka. Wanatafuta jina." Na kweli. Mwanamume aliyeingia jukwaani wakati ule alikuwa ameonekana mara moja tu mwanzoni, amevaa kofia. Sasa kaingia kichwa wazi. Watu walikuwa wanamtafuta kwenye programu wajue huyu ni nani. Tukaongeza mstari mmoja katika sehemu ya kwanza, mtu akamwita kwa jina, kwa sauti, na tukaurudisha ule wimbo tulioukata. Vijitabu vikabaki mapajani.

Hilo la kwangu lilikuwa dogo. Lililo maarufu zaidi katika fani hii ni la 1962. A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, mchezo wa vituko mwanzo mwisho, ulikuwa unajaribiwa Washington kabla ya kuingia New York, na watu hawacheki. Waandishi wanakaza vichekesho, wanapunguza hiki, wanahamisha kile, ukumbi umenuna vilevile. Akaitwa Jerome Robbins, mwongozaji na mpangaji wa dansi, aje autazame kwa jicho jipya. Alichokinyooshea kidole ni wimbo wa kufungulia. Ulikuwa wimbo mpole, wa mapenzi, na watu wakishausikia wanajitayarisha kwa jioni ya upole; vituko vikianza hawajui kama wanaruhusiwa kucheka. Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo, akaandika mwingine, Comedy Tonight, unaowaambia wazi kwamba leo ni kucheka tu. Vichekesho vilevile vilivyokuwa vimedorora vikaanza kuangusha watu vitini, na mchezo ukaonyeshwa Broadway mara 964. Kwa saa mbili nzima watu walikuwa wanaonyesha panapouma, na ugonjwa uko katika dakika za kwanza kabisa.

Upo mwingine unaoukaribia zaidi wimbo wako wa mama. Mwaka 1959 Gypsy ilikuwa majaribioni Philadelphia. Karibu na mwisho mama, aliyechezwa na mwimbaji nyota Ethel Merman, anaimba peke yake Rose's Turn, na ndani ya wimbo ule anavunjika. Sondheim, ambaye ndiye aliyeandika maneno, aliona si vema mtu anayevunjika apigiwe makofi, kwa hiyo wimbo haukufungwa: uliachwa hewani, kwenye sauti nyembamba za fidla zinazokwaruza sikio. Kisanaa hoja yake ilikuwa na nguvu. Lakini tukio linalofuata, mama na binti wanapopatana, likawa halishiki. Mwandishi Oscar Hammerstein, aliyemlea Sondheim katika kazi hii, alikuja akatazama, akamweleza jambo ambalo kwa maneno yangu ni hivi: watu wana makofi mikononi ya kumpa Merman, nanyi hamkuwapa mahali pa kuyaweka, ndiyo maana hawasikilizi kinachofuata. Wimbo ukapewa mwisho. Makofi yakapigwa, mikono ikatulia, na tukio likasikika. Uone hapo: watu walipoa kwenye tukio ambalo halikuwa na kosa lolote, kwa sababu walikuwa bado wanadaiwa makofi ya wimbo uliopita.

Na wakati mwingine kosa halimo hata jukwaani. A Chorus Line ilipokuwa katika maonyesho ya awali New York mwaka 1975, kulikuwa na wimbo wa mcheza dansi anayesimulia alivyokwenda kwa daktari kuongezwa maumbile. Wimbo wa kuchekesha kweli, na watu kimya. Ikaja kugundulika kwamba jina la wimbo lililochapwa kwenye programu lilikuwa lenyewe ndilo kichekesho, kwa lugha ya mtaani, na watu walishalisoma kabla taa hazijazimwa. Wakabadilisha jina kwenye karatasi, likawa Dance: Ten, Looks: Three. Nota haikuguswa, neno halikuguswa, na vicheko vikaja.

Sasa turudi kwa mama yako. Mchezo huo sijauona, kwa hiyo nakutajia tu mahali ambapo ningeanza kupapasa kama ningekuwa nyuma ya ukumbi ule. Kwanza mwana anayeagwa. Je, mpaka wakati huo mmemjua? Mmemwona akitaka kitu, akikosea, akimkera mama yake? Mama akilia kwa ajili ya mtu ambaye sisi hatumfahamu, tunamwonea huruma kama tunavyomwonea mpita njia. Pili, kilichotangulia. Umesema sehemu ya kwanza mlicheka mpaka machozi. Ukumbi uliozoezwa kucheka kwa saa nzima haugeuki ghafla, unahitaji daraja. Ukikosa daraja unakaa unasubiri kichekesho ndani ya huzuni, na usipokiona unakohoa. Tatu, na hili usilidharau: mlisikia maneno? Wimbo wa taratibu ukimezwa na okestra, watu huwa kama wanaosikiliza lugha ya kigeni. Wimbo wenyewe kuwa mbovu ningeliweka la nne, na hata hapo ningetaka kuusikia mara tatu.

Kama wenye mchezo wanaona? Wanaona mpaka wanakosa usingizi. Meneja wa jukwaa huandika ripoti kila usiku: sehemu ya kwanza imechukua dakika ngapi, ya pili ngapi, nani kasahau mstari, hadhira ilikuwaje. Mwongozaji na watunzi hukaa nyuma na daftari. Watu wakishatoka, wanakusanyika kwenye viti vilivyo wazi na kuambizana ukweli, usiku wa manane, wakati ambao si mzuri kuambizana ukweli. Kesho yake mchana waigizaji wanapewa kurasa mpya, wanazifanyia mazoezi, na jioni wanaziigiza mbele ya watu waliolipa, huku kichwani toleo la jana bado linabisha hodi. Ukimwona mwigizaji katika onyesho la awali amesita kidogo kabla ya mstari, usimlaumu. Yumkini anachagua kati ya mstari wa leo na wa jana.

Fundi sauti ana mzigo wake. Alipanga sauti ukumbi ukiwa mtupu, na ukumbi mtupu unavuma. Miili ya watu na nguo zao hunywa sauti, kwa hiyo usiku wa kwanza wenye watu ni kama amehamia jengo jingine. Malalamiko ya "sikusikia maneno" hutolewa sana siku za mwanzo, na ndiyo yanayotibika upesi. Mstari wa maneno nao hubadilishwa mchana mmoja. Wimbo ni habari nyingine: ukiandikwa mpya, lazima upangiwe vyombo, kila mwanamuziki aandikiwe nota zake, dansi ibuniwe, taa zipangwe upya, na wa mavazi aulize mwigizaji atabadilisha gauni saa ngapi ikiwa wimbo aliokuwa anabadilishia haupo tena. Hizo ni siku kadhaa. Ndiyo sababu unaweza kuona kasoro ambayo kila mtu jukwaani anaijua, na bado ipo wiki nzima. Halafu hufika siku, kabla kidogo ya uzinduzi, mchezo unagandishwa: hakuna kugusa tena. Wahakiki siku hizi hualikwa katika maonyesho ya awali ya mwisho mwisho, na maoni yao hutolewa usiku wa uzinduzi. Wewe uliyekwenda siku ya nne uliona mchezo ambao wao hawatauona.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mchezo wanalijua na watazamaji hulisahau: ukumbi wa kila siku una watu wake. Siku za kwanza hujaa ndugu wa waigizaji, waliowekeza pesa, na mashabiki wa mtunzi ambao wangelipigia makofi hata pazia. Kicheko chao usikipime. Maonyesho ya mchana huwa na watu watulivu zaidi, wanasikiliza kwa makini lakini hawapigi kelele, na waigizaji wachanga hutoka wamekata tamaa bure. Ukumbi uliojazwa kwa tiketi za bure nao una ubaridi wake; mtu asiyelipa hana haraka ya kuamini kwamba amefurahi. Kwa hiyo mwongozaji mwenye akili haukati wimbo kwa kikohozi cha usiku mmoja. Anangoja. Kikirudi mahali palepale kwa watu wa mchana na wa usiku, wa bure na wa kulipa, hapo anachukua kalamu.

Kuona, hata hivyo, si kuponya. Merrily We Roll Along, 1981, ni mfano unaouma. Hadithi yake inakwenda kinyumenyume, kutoka utu uzima kurudi ujanani, na waigizaji walikuwa vijana watupu. Katika maonyesho ya awali watu hawakujua nani ni nani, na wengi wakawa wanaondoka kabla ya mwisho. Wakavalishwa fulana zilizoandikwa wao ni nani. Mwigizaji mkuu akabadilishwa, mpangaji wa dansi akabadilishwa, uzinduzi ukaahirishwa. Ulifungwa baada ya maonyesho 16. Mchezo huohuo, baada ya kufanyiwa kazi kwa miaka mingi, ulirudi Broadway mwaka 2023, na mwaka uliofuata ukachukua Tony, tuzo kuu ya Broadway, ya mchezo bora wa muziki uliorudishwa jukwaani. Mwaka 1966 mtayarishaji David Merrick hakungoja hata wahakiki: alifunga Breakfast at Tiffany's baada ya maonyesho manne ya awali, ilhali tiketi nyingi zilikuwa zimeshauzwa. Na Spider-Man: Turn Off the Dark, uliogharimu kiasi cha dola milioni 75, ulikaa katika maonyesho ya awali 182, kuanzia Novemba 2010 hadi Juni 2011. Usiku wa kwanza ulisimama mara kadhaa kwa sababu ya mitambo ya kurusha waigizaji hewani. Wahakiki wakachoka kusubiri, wakaandika Februari. Mwongozaji akaondoka Machi. Mchezo ukafungwa kwa muda na kushonwa upya. Nikitazama ule naona somo la kiufundi tu: mchezo uliojengwa juu ya mitambo mizito ni vigumu kuusikiliza ukumbi, kwa sababu hata ukisikia, huwezi kuhamisha chuma kwa mchana mmoja.

Nimwamini nani, unauliza. Kuhusu ulichokiona, jiamini mwenyewe. Kuhusu utakavyokuwa, usimwamini yeyote, mimi nikiwemo. Mchezo uliokuja kuitwa Oklahoma! ulipojaribiwa New Haven Machi 1943 ulikuwa bado unaitwa Away We Go!, na inasimuliwa kwamba waliotoka New York kuuchungulia walirudi wakisema hauna maisha. Ulionyeshwa mara 2,212. Les Misérables ilipozinduliwa London Oktoba 1985 wahakiki wengi waliipiga vibaya, huku watu wakigombania tiketi, na mpaka leo ungali unaonyeshwa mjini humo. Anayekwambia kwa uhakika siku ya nne kwamba utafungwa au hautafungwa anakueleza zaidi habari zake kuliko za mchezo.

Na kuwaambia wengine, waambie. Umelipa, una macho, na maonyesho ya awali yamewekwa ili watu kama wewe wawepo. Taja tu tarehe uliyotazama, maana baada ya wiki kitu unachokisifia au kukiponda huenda hakipo tena. Mwisho wa hadithi uuache. Mwigizaji aliyeteleza au pazia lililokwama, acha pia, hayo ni ya usiku ule. Na badala ya "wimbo ni mbovu" sema ulichohisi na ulikihisi wapi: "mama alipoanza kuimba nilitambua kwamba sijui kwa nini mwana anaondoka." Sentensi ya namna hiyo mtunzi anaweza kuifanyia kazi. Katika maonyesho ya awali ya A Chorus Line, Cassie, mcheza dansi aliyewahi kung'ara na sasa anaomba kazi upya, alikuwa anakataliwa mwishoni. Mwigizaji Marsha Mason alikwenda kutazama, akamweleza mwongozaji Michael Bennett kwamba Cassie hana budi kuipata kazi, maana vinginevyo mtu anatoka akiamini kwamba hakuna kuanza upya. Bennett akabadilisha mwisho.

Ukitaka kurudi, nunua tiketi ya siku ya katikati ya wiki, baada ya uzinduzi, ushangilio wa marafiki ukishatulia. Wimbo wa mama usiukodolee macho peke yake. Tazama dakika kumi zinazoutangulia, uone kama mwana amepewa chochote cha kufanya. Kisha niandikie wamebadilisha nini. Dau langu mimi ni kwamba wimbo utaukuta kama ulivyouacha.